Alfa ya 0.41 na kauli niliyoitunga vibaya

Programu ya takwimu iliponiletea alfa ya 0.41, namba ya chini mno kwa kuaminika kwa hojaji yangu, niliwalaumu walionijazia. Nilijiambia wamejaza mbiombio bila kusoma. Nilikuwa nimetunga kauli 12 za kupima wasiwasi wa mitihani, kila moja ikijibiwa kwa alama 1 hadi 5, na sikuwa na shaka nazo hata kidogo.

Msimamizi wangu hakuuliza habari za washiriki. Alisema, "Lete kauli zako tuzisome."

Alfa hii, iliyopata umaarufu kwa makala ya mwanasaikolojia Lee Cronbach ya mwaka 1951, hutazama kama kauli zinazodaiwa kupima jambo moja zinakwenda pamoja. Mwenye wasiwasi mwingi tunatarajia apate alama za juu karibu kila mahali, na mtulivu apate za chini. Kauli zikivutana, kila moja upande wake, jumla yake haikwambii lolote la kushika juu ya mtu yule.

Zangu zilikuwa zinavutana, na nilizivuta mwenyewe. Nne ziliandikwa kwa mwelekeo wa kinyume, kama "Hutulia ninapoanza kusoma maswali". Anayeikubali sana hiyo ana wasiwasi mdogo, kwa hiyo 5 yake ilipaswa kugeuzwa kuwa 1, na 4 kuwa 2, kabla ya kujumlisha. Sikugeuza. Nilipogeuza, alfa ilipanda hadi 0.64. Nilifurahi, lakini bado haikufika 0.70, kiwango ambacho wengi hukishika kama amri.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonifaa kuliko kitabu chochote. Niliwaomba wanafunzi watano, mmoja mmoja, wasome kila kauli kwa sauti na kunieleza wanachofikiri kabla ya kuchagua jibu. Tulipofika kwenye "Sikosi usingizi usiku wa kuamkia mtihani", mmoja alisita, akaniuliza: "Nikiweka sikubali, nimesema nakosa au sikosi?" Wawili wengine walichagua jibu lililo kinyume kabisa na walichonieleza kwa mdomo. Watu walikuwa wamesoma vizuri tu. Mimi ndiye niliyewatwisha mkanusho juu ya mkanusho, na katika Kiswahili, ambapo kukanusha kumo ndani ya kitenzi chenyewe, ni rahisi sana jicho kulipita. Nikaandika upya: "Huwa nakosa usingizi usiku wa kuamkia mtihani." Kauli nyingine ilisema mtihani hunitia hofu na hamu ya kusoma. Hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa na moja bila la pili. Nikaacha hofu peke yake.

Nakiri kishawishi kilikuwepo cha kupita njia ya mkato. Kanuni ya Spearman na Brown, ya tangu 1910, inaonyesha kwamba kurefusha kipimo kwa kauli za aina ileile hupandisha kuaminika kwake: chenye 0.60 kikiongezwa urefu mara mbili hufika 0.75. Ningeweza kuandika "Naogopa mtihani", kisha "Mtihani unanitia woga", kisha "Nina hofu ya mtihani", na alfa ingepaa. Lakini hiyo ni kumuuliza mtu swali moja mara tatu. Namba ingependeza, na ningekuwa sijajua jipya.

Kundi la pili la washiriki lilinipa 0.75. Hapo nikawapa wachache hojaji ileile baada ya wiki mbili, kuona kama alama zinadumu. Uhusiano kati ya mara ya kwanza na ya pili ulikuwa mkubwa, ila karibu kila mmoja alikuwa amepanda, kwa kuwa mitihani ilikuwa imekaribia. Nalitaja hili kwa sababu wengi hulipita: uhusiano huangalia kama watu wamebaki katika mpangilio wao. Wote wakipanda kwa kiasi kilekile, wenyewe hauoni kitu. Lazima utazame na wastani.

Kazi ngumu ilibaki ya mwisho. Mshauri wa wanafunzi aliniomba orodha ya wote waliopata zaidi ya 40 ili awaite. Nilitaka kumpa siku hiyohiyo, kisha nikakumbuka kupiga hesabu ya kosa sanifu la kipimo, yaani kiasi ambacho alama ya mtu inaweza kupotoka kwa sababu kipimo si kamilifu. Unachukua mkengeuko sanifu wa alama (jinsi zinavyotawanyika kutoka wastani), ambao kwangu ulikuwa 8, unauzidisha kwa kipeuo cha pili cha 1 ukitoa alfa, yangu ikiwa 0.75. Kipeuo hicho ni 0.5, na jibu ni 4. Maana yake, mtu aliyepata 39 na aliyepata 42 siwezi kuwatenganisha kwa uhakika wowote. Mmoja angeitwa na mwingine angeachwa na wasiwasi wake, kwa tofauti ambayo kipimo changu hakina nguvu ya kuiona.

Nilimpelekea orodha yenye makundi mawili: waliopita 44, na wale wa kati ya 36 na 44, nikamwomba kundi hili la pili azungumze nao kwanza kabla ya kuamua lolote. Aliwaita wote.