Gitaa Lisiloshikika

Mzee alipofika studio na gitaa lake mgongoni, kazi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Mimi ndiye niliyeichukua. Mwenye albamu alikuwa amesikia sauti ya gitaa kwenye kinanda changu kipya, akasema inatosha, hakuna haja ya kusubiri mtu. Mzee hakugomba. Aliketi kwenye kochi la nyuma, gitaa likiwa bado ndani ya mfuko, akasikiliza.

Nilikipenda sana kinanda kile. Nilikuwa nimejifunzia Korg M1, kinanda cha mwaka 1988 ambacho sauti zake zote, piano, filimbi, ngoma na kadhalika, zilibanwa ndani ya megabaiti 4. Kwenye hiki kipya gitaa peke yake lilizidi hapo mara nyingi. Kila noti ilirekodiwa kwa mguso mwepesi, wa wastani na mzito, na ukibonyeza kwa nguvu unasikia hata mkwaruzo wa kidole kikiteleza kwenye uzi.

Nikarekodi ubeti wa kwanza. Fundi akaufungulia kwenye spika.

“Mwanangu,” mzee akaniita, “hiyo E maina umeishika wapi?”

Nikamwonyesha mshiko huo wa noti tatu zinazolia pamoja: E, G na B, zile za chini kabisa za gitaa, vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

Akatoa gitaa mfukoni, akagusa uzi wa sita, ule mnene. “E yako hii hapa. Na hiyo G iko hapa hapa, kwenye uzi huu huu. Uzi mmoja utatoaje noti mbili kwa pamoja?”

Sikuwa na jibu. Sauti ilikuwa ya gitaa kweli kweli, lakini hakuna gitaa linaloshikika vile.

Akanitajia noti za nyuzi zake sita anaposhika E maina, kuanzia nene kwenda nyembamba: E, B, E, G, B, E. Nikazigawa kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa. Nilikuwa nazibonyeza zote kwa mpigo mmoja, ilhali mkono wa mpiga gitaa hupita uzi baada ya uzi: ukishuka unaanzia nene, ukipanda unaanzia nyembamba, na mara nyingi hauzifikii hata zile nene. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko kote, yeye akipitisha kidole gumba taratibu mbele ya macho yangu, mimi nikimfuatisha kwenye kinanda, nikikosea, nikirudia.

Kisha akauliza habari ya mkwaruzo. Nilikuwa nakandamiza kila pigo, kwa hiyo ulilia kila pigo. Kwake yeye hulia pale tu mkono unapohama. Nikalegeza vidole, nikaubakiza sehemu mbili. Mguu nao nikautoa kwenye pedali inayorefusha sauti, ili mshiko mmoja ukome kabla ya mwingine kuanza.

Tuliporekodi tena, fundi aligeuka kuangalia ni nani kati yetu anayepiga.

Nikamwomba mwenye albamu kiitikio cha mwisho apige mzee mwenyewe. Ilibidi niombe mara tatu ndipo akakubali, na ningeomba hata mara kumi. Kwenye rekodi ile gitaa ni langu hadi mwisho wa ubeti wa tatu. Halafu inasikika pumzi ya mtu aliyeinamia maikrofoni, ukucha unagusa uzi, na E maina inaanza.