Siku Moja Maishani Mwangu: Ngoma Ikimsubiri Mgeni Rasmi

Saa 11 alfajiri huwa nimeshaamka. Ukuta unaokitenga chumba changu cha Igoma, jijini Mwanza, na cha jirani ni mwembamba, kwa hiyo hutoka hadi kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba, nikavuta pumzi kwa tumbo, nikaitoa taratibu huku nikihesabu hadi 20, kisha nikaimba solfa mpaka koo lilainike. Mama muuza vitumbua apitaye njia hiyo hunisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", na kuniuliza kama nimepata nafuu, kwani hadi leo anaamini ninaugua kifua.

Ijumaa iliyopita, vipindi vya nota, miondoko na uigizaji vilianza saa 2 na kwisha saa 6, tukala wali kwa dagaa, tukafunga vyombo. Chuo chetu cha sanaa ni kidogo, na sehemu ya gharama za mafunzo hutokana na shughuli tunazoalikwa. Safari hii tulitakiwa kucheza bugobogobo katika ukumbi mmoja ulio kando ya ziwa, upande wa Capri Point.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Wasukuma waliicheza shambani, vikundi vikilima kwa pamoja huku ngoma zikiwapa mwendo, na baada ya mavuno Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma vilivyo mahasimu, walishindana uwanjani, ushindi ukienda kwa upande uliovuta watu wengi zaidi. Anayedhani ni kurukaruka tu ajaribu kurusha jembe juu, azunguke, alidake mpini bila kupoteza pigo. Mimi nilifanya mazoezi kwa fimbo tupu wiki tatu kabla ya kuruhusiwa kugusa chuma.

Tulifika saa 8 kama tulivyoagizwa. Mgeni rasmi alitarajiwa saa 9.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo waandaaji wengi hawalijui. Ngoma zetu zimewambwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi hunywa unyevu. Msimu wa masika, upepo wa ziwani ukivuma, hulegea upesi, na ukiipiga unasikia kama mtu anayepiga godoro. Dawa yake ni moto. Tulipoanza kukusanya makaratasi ili tuwashe, mratibu wa shughuli alikuja mbio akisema moshi utaharibu picha.

"Shikamoo baba," alisema dada anayetuongoza, akamweleza habari ya ngozi kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao.

"Marahaba. Sasa si mwongeze sauti kwenye spika?" akajibu, kisha akatutazama mmoja mmoja. "Hivi kweli mnasomea kupiga ngoma? Na wazazi wanalipa ada?"

Tulimwomba muuza chipsi aliyekuwa nje ya geti, naye akatupisha penye jiko lake. Tukapasha ngoma tatu, tukazirudisha ndani, tukajipanga. Mgeni hakuja. Ngozi zikalegea, tukazibeba tena hadi jikoni. Saa 10 tukaambiwa yuko njiani, tukajipanga, zikalegea. Sikumbuki vizuri mpangilio wa yaliyofuata, ila nakumbuka kwamba tulikwenda kwa yule muuza chipsi mara nne, kwamba shanga zilinichubua shingo, na kwamba hakuna aliyetupa hata maji ya kunywa.

Jua lilikuwa limeinama ziwani alipofika. Dakika zetu 15 zilipunguzwa zikawa 4. Hata hivyo ngoma zilikuwa zimetoka motoni, zikalia inavyopasa, na nilipodaka jembe langu la pili niliona wahudumu wamesimama na sinia zao, madereva wametoka maegeshoni, na mlinzi ameacha geti wazi. Muuza chipsi naye alikuwa ndani, mwiko mkononi. Kwa kipimo cha Bagika na Bagalu, hotuba iliyofuata ilishindwa vibaya.

Mratibu alitulipa nusu, akidai kwamba dakika 4 haziwezi kulipwa kama 15. Dada alizipokea fedha kwa mikono miwili na kumshukuru. Adabu hiyo nayo tunafundishwa, ingawa haimo kwenye mtihani.

Kwenye daladala ya Igoma konda alidai nauli ya ngoma, kwa kuwa imekalia kiti. Nililipa. Ngozi ilinuka moshi na mafuta ya chipsi. Niliiegemea, usingizi ukanichukua, nikapitilizwa vituo viwili.