Kinu cha upepo kisipozunguka, kinaoza

Jamani, vinu vya Kinderdijk, Uholanzi, havihifadhiwi kwa kuangaliwa tu. Viko 19, vingi ni vya 1738 na 1740. Bawa likisimama muda mrefu mkao uleule, maji ya mvua hutuama kwenye maungio, mbao zinaoza, bungua wanaingia. Lazima mabawa yazungushwe!

Meno ya mbao ya magurudumu hupakwa nta ya nyuki. Shingo ya mhimili wa chuma, inapolalia jiwe, hupakwa mafuta ya nguruwe, shingo ikikauka inapata moto. Hatari kubwa ni breki: magogo yanayobana gurudumu. Ukibana upepo ukiwa mkali, mbao husuguana hadi cheche, na vinu 8 vya Overwaard, kundi mojawapo la vinu hivyo, vimeezekwa matete. Punguza tanga, yaani vitambaa vya mabawa, mapema, kabla dhoruba haijafika.