Kijana Mbele ya Televisheni

Jana usiku nimeirudia Velvet Goldmine, filamu ya Todd Haynes ya mwaka 1998. Kisa chake ni chepesi kusimulia: mwaka 1984, huko New York, mwandishi wa habari Arthur Stuart anatumwa amfuatilie Brian Slade, mwanamuziki wa Uingereza aliyejifanya amepigwa risasi jukwaani miaka kumi nyuma, kisha akapotea. Anahoji huyu, anahoji yule, na kila mmoja ana Slade wake. Mpangilio huo umetoka kwenye Citizen Kane, filamu ya zamani ya Orson Welles, wala Haynes hafichi.

Kilichonikaa rohoni ni kipande kifupi sana. Arthur bado kijana, yuko sebuleni na wazazi wake. Kwenye televisheni Slade, kajipodoa, anaeleza bila haya kwamba anapenda wanaume na wanawake. Ghafla Arthur anaruka, anakisonta kioo kwa kidole, anawapigia kelele wazazi: yule pale ni mimi! Kumbe hajainuka. Yuko palepale alipoketi, kimya, na yote yamepita kichwani mwake tu. Christian Bale anakibeba kipande hicho kwa uso peke yake.

Ndiyo maana sisikitiki kwamba humu hamna wimbo hata mmoja wa David Bowie, nyota wa muziki wa Uingereza wa miaka hiyo ya sabini. Jina la filamu ni la wimbo wake, na Slade kafinyangwa kwa sura yake, lakini Bowie alikataa nyimbo zake zisitumike. Ikabidi watumie za bendi ya Roxy Music, za mwanamuziki Brian Eno, na nyingine mpya. Thom Yorke wa bendi ya Radiohead anaimba 2HB, wimbo wa Roxy Music, vizuri mno. Kama nyimbo za Bowie zingekuwemo, tungekaa kupima nani kafanana na nani. Bila hizo, filamu imekuwa kumbukumbu ya shabiki: nusu kweli, nusu kajitungia.

Mavazi nayo ni karamu. Manyoya, vitambaa vya kumeremeta, na vile viatu vya soli nene ambavyo wazee wetu waliviita raizoni. Mbunifu wa mavazi, Sandy Powell, alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa kazi hii. (Na tusijifanye mambo haya yalikuwa mbali nasi: mtoto wa Zanzibar, Freddie Mercury, alitoa albamu ya kwanza na Queen mwaka 1973, zama zilezile, kucha kazipaka rangi nyeusi.)

Katikati filamu inalegea, sikatai. Kuna muziki mwingi na hadithi haiendi popote. Inayoiokoa ni Toni Collette, akiwa Mandy, mke aliyeachwa, anayezungumza na Arthur kwenye baa tupu, kila kitu kimeshamwisha.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa. Slade hakufa wala hakupotea. Kabadilisha sura, kawa Tommy Stone, msanii mkubwa anayejaza viwanja na kumsifu rais. Watu husema hiyo ndiyo biashara ya muziki, itakufanya nini. Mimi lawama zangu zote ni kwa Slade. Alimwonyesha mtoto wa watu kwamba inawezekana, mtoto akaamini, akatoka kwao, halafu yeye akauvua ule uso na kuutupa. Curt Wild, mwanamuziki aliyekuwa mpenzi wa Slade, anayeigizwa na Ewan McGregor, ni mlevi na mkorofi, ila hakujikana, na mimi nipo upande wake.