Jinzi zangu na mafundi wa Vallgatan

Jinzi mpya ya kampuni ya Nudie hapa Göteborg, Sweden, inauzwa zaidi ya krona 1,500. Ukiibadili kwa shilingi ya Tanzania unakaribia laki nne. Naitaja bei mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikisema sinunui jinzi ya kampuni nyingine, na kwa sababu mimi si mtu wa kipato kikubwa. Napakia na kupakua mizigo kwenye ghala huko Hisingen, ng'ambo ya mto. Hela hiyo ikitoka naisikia.

Kazini naenda kwa baiskeli. Navuka daraja la Hisingsbron asubuhi, upepo umenikabili, na mara nyingi mvua juu yake, maana mji huu kwa mvua haujambo. Waendesha baiskeli wanajua jinzi huanzia kufa wapi: msambani. Kila ukikanyaga pedeli kitambaa kinasuguana na kiti, kinakonda mpaka zinabaki nyuzi nyeupe peke yake, halafu siku moja unainama kuokota boksi na kinaachia.

Kabla ya Nudie nilinunua jinzi katika duka moja la katikati ya mji, kwa bei isiyopishana sana na hizi. Muuzaji alinihudumia vizuri mno, maji ya kunywa na kiti cha kukalia. Msamba ukaachia hata rangi haijapauka. Niliirudisha na risiti mkononi. Nikaambiwa hayo ni matumizi ya kawaida, hakuna la kufanya, ila kama nataka nyingine wiki ile kuna punguzo. Nilitoka pale na hasira, na haikuwa hasira ya suruali. Nguo huchanika. Iliniuma kwamba siku ya kulipa nilikuwa mteja mheshimiwa, na siku ya kurudi nikawa mtu wa kusindikizwa mlangoni.

Mwenzangu wa kazini, Msomali aliyekulia hapahapa, ndiye aliyeniambia niende duka la Nudie, mtaa wa Vallgatan.

Nudie ni kampuni ya mji huu. Ilianzishwa mwaka 2001 na Maria Erixon, mama aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya jinzi ya Lee kabla ya kuanzisha ya kwake. Ukiingia dukani kwao unakuta rafu za suruali kama maduka mengine, lakini pia unakuta cherehani, na mtu ameinama juu yake anashona. Hawajaificha stoo. Ahadi yao ni fupi: jinzi yoyote ya Nudie inatengenezwa bure maisha yake yote. Hawajali uliinunua lini wala wapi. Wanachotaka ni uilete imefuliwa, na hiyo ni adabu tu kwa fundi atakayeishika. Maduka yao ya nchi nyingine, London kwa mfano, yanafanya hivyohivyo, na aliye mbali na duka wanamtumia kwa posta kifurushi chenye sindano, uzi na vipande vya kitambaa ajishonee mwenyewe.

Mara ya kwanza kupeleka nilibaki kuangalia. Fundi alikuwa binti mdogo mwenye futi kamba shingoni. Aliigeuza jinzi ndani nje, akapitisha vidole msambani taratibu, kisha akanionyesha sehemu ambayo mimi sikuwa nimeiona kabisa, upande wa pili wa mshono, kitambaa kilikokuwa kimeanza kukonda. Akasema tukiziba tundu peke yake, huku nako kutaachia muda si mrefu. Akafungua droo iliyojaa vipande vilivyokatwa kwenye jinzi kuukuu, akavipapasa kimoja kimoja mpaka akapata kilicholainika. Kipya kingekuwa kigumu, alinieleza, na kigumu huvuta kile cha zamani kikakichana pembeni.

Halafu nyuzi. Zimepangwa ukutani kuanzia buluu nzito inayokaribia weusi hadi ile iliyofifia kabisa. Alishusha rili kadhaa, akalaza uzi wa kila moja juu ya paja la suruali, akarudisha zote isipokuwa moja. Cherehani ikawa inaenda mbele na kurudi nyuma, mstari ubavuni mwa mstari, akifuata mlalo wa nyuzi za kitambaa chenyewe, mpaka kiraka na suruali vikashikana. Ukitazama kwa nje, kwa mbali, unaona kivuli tu.

Mama yangu alitushonea viraka vya sare za shule kule Maswa, magotini na makalioni, na alikuwa akiona haya tukipita mbele za watu. Mimi viraka vyangu navionyesha.

Jambo la pili linalonirudisha ni kitambaa. Nanunua ile ambayo haijafuliwa kiwandani, ngumu, buluu iliyokoza. Ninayoipenda inaitwa Gritty Jackson kwa sababu ina nafasi mapajani na mguu wake umenyooka. Miezi ya mwanzo inakusumbua, nakiri hilo ni la kuvumilia. Lakini ukijua kitambaa kile kinavyotengenezwa unaelewa kwa nini inafaa kusubiri. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, huzamishwa kwenye nili, ile rangi ya buluu ya jinzi; zikitoka zina rangi ya kijani kinachoelekea njano, halafu hewa inazigeuza kuwa buluu. Zinazamishwa tena, zinapigwa hewa tena, na kila mara rangi inajipanga juu ya ile ya kwanza bila kupenya hadi kiini cha uzi. Nyuzi za mshindio, zile zinazokatiza upana, haziguswi na rangi, ndiyo maana ukigeuza jinzi ndani ni nyeupe-nyeupe. Kwa hiyo kila unaposugua, unaondoa tabaka la nili na weupe wa ndani unajitokeza. Jinzi yangu ina mchirizi pajani ninapoegemeza maboksi, na mraba uliopauka mfukoni ninapoweka simu. Hakuna mwingine mwenye jinzi kama hiyo, hata akinunua rafu moja na mimi siku moja na mimi.

Kwa miaka mingi kampuni imekuwa ikishauri wateja waivae miezi sita kabla ya kuifua mara ya kwanza, ili mikunjo ijichore vizuri. Kwa kazi yangu ya jasho hilo haliwezekani. Naifua kwa maji baridi, ndani nje, naianika kivulini, na bado inapauka kwa uzuri.

Ule upaukaji wa kununua nao una historia mbaya, na wapenda mavazi wenzangu wanapaswa kuijua. Ili jinzi mpya ionekane imevaliwa miaka kumi, viwanda vingi vilikuwa vikiipulizia mchanga kwa mashine yenye nguvu. Vumbi la mchanga ule likiingia kifuani halitoki. Huko Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo kwenye karakana zisizo na hewa walipata ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na wengine walikufa wangali vijana. Serikali ya Uturuki ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009, na mwaka uliofuata kampuni za Levi's na H&M zikatangaza kuiacha. Tangu nilipojua hayo, jinzi iliyochakazwa kiwandani siioni tena kama urembo. Huuliza kwanza imechakazwa vipi na nani. Ile yangu naichakaza mwenyewe, kwa miguu yangu, bila mtu kuumia.

Ikifika mwisho kabisa, ukaona haivaliki tena kwako, duka linaipokea na kukupa punguzo la asilimia 20 kwenye mpya. Ile ya zamani wanaifua, wanaitengeneza na kuiuza tena kama iliyotumika, na isiyofaa kuvaliwa inakatwa viraka. Kwenye zile zilizotumika ndipo nilipompatia mdogo wangu aliye Mwanza ya kwake. Aliposikia bei ya mpya alinitumia ujumbe: "Kaka, kwa hela hiyo mimi hapa Mlango Mmoja napiga pamba mwaka mzima, na raba juu." Ni kweli, na sikumbishia. Mlango Mmoja ni soko la mitumba, na anayejua kuamka mapema siku belo linafunguliwa anatoka pale na jinzi nzuri kwa bei ya chakula cha siku mbili tatu. Lakini ile niliyompelekea ameing'ang'ania. Goti lilipochanika alipeleka kwa mzee mmoja mwenye cherehani ya miguu kule sokoni, akanitumia picha. Nimeiangalia picha ile mara nyingi. Kiraka kimewekwa kwa ndani, kimechaguliwa kitambaa cha zamani, mistari inaenda na kurudi vilevile kama ya yule binti wa Vallgatan. Mzee alitoza shilingi 3,000. Ujuzi huo tunao mitaani kwetu siku zote, na ninapowasifu Wasweden nawasifu kwa kuupa heshima na kuulipia, kwa kumweka fundi mbele ya duka, mahali mteja anapomwona.

Kuna la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Nimepanda, nimepalilia, nimevuna huku vidole vinachomwa na makaka makavu, nimekaa juu ya robota kwenye foleni ya mizani msimu ukifunguliwa mwezi Mei. Nimembebea baba dawa ya kupulizia, bomba mgongoni, bila glavu wala barakoa, jioni anarudi macho mekundu na kichwa kinamgonga. Tulikuwa tunadhani ndivyo pamba inavyolimwa, basi. Kwa hiyo niliposoma kwamba tangu 2012 jinzi zote za Nudie zinatengenezwa kwa pamba ya kilimo hai, pamba isiyopuliziwa sumu za kiwandani wala kukuzwa kwa mbolea ya kiwandani, nilisoma kama mtu anayesoma habari za nyumbani kwake. Wengine wanaona hilo ni tangazo la biashara. Mimi naona macho ya baba.

Na pamba ya namna hiyo inalimwa kwetu pia. Wilaya jirani na yetu, Meatu, ina wakulima wa pamba ya kilimo hai chini ya mradi wa bioRe tangu mwaka 1994. Wanapanda alizeti katikati ya pamba ili wadudu waende huko, wanazungusha mazao, wanatumia samadi. Pamba yao inanunuliwa kwa bei inayozidi ya kawaida. Wakati mimi nakua Maswa, mwendo wa basi tu kutoka pale, hatukujua lolote.

Nudie wanatumia zaidi pamba ya Uturuki na ya India. Wana utaratibu mzuri wa kutoa taarifa kila mwaka kuhusu viwanda wanavyofanya navyo kazi na mahali vilipo, na ukiwauliza swali kwa barua pepe wanajibu. Sasa nimeanza kuwaandikia. Nawaeleza kwamba mimi ni mteja wao wa miaka mingi, natokea Simiyu, mkoa unaoongoza Tanzania kwa kulima pamba, kwamba Meatu kuna pamba wanayoitafuta, na nawauliza ni kitu gani kinazuia wasiinunue. Kama ni ubora wa nyuzi waseme, kama ni bei waseme, kama ni usafirishaji waseme pia. Barua nimeiandika kwa Kiswidi, binti yangu ananisahihishia sarufi, na ikikamilika naipeleka kwa mkono Vallgatan pamoja na jinzi ya mke wangu inayohitaji zipu mpya. Jibu likija nitaliweka hapa lote.