Busta ya 80 kwenye Land Cruiser 60 ya mjomba

Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, ukitoka Mwanza kwenda Sengerema kwa njia ya Kigongo ilikuwa lazima ushuke pale usubiri pantoni, na kama uko na gari unashuka ule mteremko taratibu mpaka kwenye ulimi wa chuma huku watu wa miguu wako mbele yako na ubavuni, kina mama na mabeseni, baiskeli zenye magunia, pikipiki, wote wanaingia mle mle unapoingia wewe. Pale ndipo mwaka 2011 nilikanyaga breki gari isisimame.

Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza form six, naendesha gari ya mjomba wangu. Land Cruiser 60 ya dizeli, injini 2H, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, gari ambayo mjomba alikuwa anaipenda kuliko duka lake. Siku hiyo nyuma kuna mifuko 12 ya saruji na juu kwenye keria kuna mabati. Asubuhi pedeli ilikuwa nzito kidogo nikapuuza nikasema labda ni viatu nilivyovaa. Tunashuka, mbele yangu mama kabeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, nakanyaga, pedeli imekaza kama nakanyaga kizingiti cha mlango na gari inakwenda. Nikainuka kwenye siti nikasimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili, mkono unavuta handibreki, utingo alishafungua mlango zamani karuka na jiwe kaliweka chini ya tairi ya mbele. Gari ikasimama. Kati ya bampa na yule mama palibaki kama hatua moja, na yeye hata hakugeuka, hakujua kitu, akaingia zake kwenye pantoni. Mimi sikuingia. Nilikaa pembeni pale miguu inatetemeka mpaka pantoni ikaenda ikarudi.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba breki zenyewe zilikuwepo. Kilichokufa ni busta, lile dude la duara kama sufuria limefunikwa na sufuria, linalokaa mbele ya dereva upande wa injini. Ndani yake kuna diaframu, yaani utando wa mpira, pande zote mbili hewa imenyonywa, ukikanyaga inafunguka valvu upande wako inaingiza hewa ya nje, hiyo hewa ndo inasukuma diaframu kukusaidia. Mpira ukichanika unabaki na nguvu ya mguu wako peke yake, na mguu peke yake kwa gari ya tani mbili na ushee ikiwa na saruji haitoshi.

Tukarudi mjini taratibu kwa gia namba moja na mbili mpaka gereji moja Mabatini. Fundi alikuwa kijana mchangamfu, mikono myepesi. Akachomoa bomba la vakyumu, lile linalonyonya hewa kwenye busta, akaweka kidole gumba, kikanyonywa vizuri, maana hizi dizeli hazinyonyi kwenye manifodi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, kama za petroli, zina pampu yake ndogo ya kunyonya nyuma ya altaneta inayochaji betri na watu wengi wanabadilisha busta kumbe pampu ndo imechoka. Yetu ilikuwa nzima. Akazima injini, akapampu pedeli mpaka ikakaza, akaishikilia kwa mguu akawasha. Hapo pedeli inatakiwa izame kidogo. Haikuzama hata chembe, na ukiinamisha kichwa chini ya dashibodi unasikia fssss.

Sasa busta ya 60 ikawa haipatikani. Tuliambiwa tuagize Dar tusubiri, na mjomba ana mzigo wa watu Sengerema. Ndipo yule fundi akasema kuna Land Cruiser 80 imepinduka iko kwa mtu wa spea Nyakato, busta yake nzima, na ni bora kuliko hii, ya kwake ina diaframu mbili zimefuatana kwa hiyo kwa upana ule ule unapata msukumo mkubwa zaidi. Mjomba akaniuliza "unaonaje mjomba?" nikasema tufunge. Ikanunuliwa kwa laki mbili na nusu.

Kufunga kulichukua siku nzima na sikuondoka pale. Chini ya dashibodi, mgongo kwenye sakafu, spana namba 12 kwenye nati nne usizoziona, unazitafuta kwa vidole. Matundu mawili yaligoma kidogo tukayapanua kwa tupa ya mviringo. Ile uma inayoshika pedeli ilibidi itolewe kwenye busta ya zamani ihamishiwe kwenye mpya na kurekebishwa urefu wake ili pedeli ikae pale pale. Halafu busta ya 80 ni nene, imesogea mbele, kwa hiyo mabomba ya chuma ya breki yalikunjwa upya taratibu kwa mkono yasivunjike. Masta, silinda inayosukuma oili ya breki kwenda kwenye magurudumu, tukaacha ile ile ya 60, na hapo nakubaliana na fundi mpaka leo, kwa sababu masta ya 60 imepimwa kwa diski za mbele na dramu za nyuma za gari hiyo. Tukatoa upepo kwenye oili ya breki gurudumu moja moja tukianza la mbali. Jioni nikakanyaga, jamani, laini kama nakanyaga mkate. Mjomba akacheka peke yake.

Asubuhi yake nikaenda kuijaribu njia ya Musoma. Buzuruga, Nyakato, safi kabisa. Igoma nikaona gari imekuwa nzito, nikaongeza mafuta. Kabla ya Kisesa harufu ya kuungua, nikatazama kioo cha pembeni naona moshi unatoka tairi ya mbele, nikaachia mafuta ili nijipeleke pembeni na gari ikasimama yenyewe kama imefungwa kamba. Sijagusa breki. Naweka gia inataka kuzima. Diski zote mbili za mbele zimeshika na pedeli sasa iko juu imekaza haina hata mchezo.

Nikakimbilia nyumba ya jirani kuomba maji, narudi na dumu, nasikia sauti "Acha! usimwage!" Mzee mmoja alikuwa chini ya mwembe anafungua trekta, kaja na spana mkononi. Shikamoo, marahaba, akasema chuma cha moto hivyo ukikimwagia maji kinapinda au kinapasuka, kaa nayo ipoe. Akaniuliza nini kimebadilishwa. Nikamwambia busta, ya 80 kwenye 60. Akasema "ahaa" moja ndefu, akafungua boneti, akalegeza nati zinazoshika masta kwenye busta, mizunguko miwili mitatu tu, hakuifungua. "Haya sukuma gari." Nikasukuma na bega. Ikaenda. Gari iliyokataa kwenda na injini ikaenda kwa bega langu!

Nilisimama pale nimeduwaa. Akanifundisha kama ananisomesha, na aliniita ng'wanawane, mwanangu kwa Kisukuma, muda wote. Kati ya busta na masta kuna fimbo fupi. Ukiachia pedeli, pistoni ya masta inatakiwa irudi nyuma mpaka mwisho ili kitundu kidogo kifunguke, oili ya breki irudi kwenye kikopo chake. Fimbo ikiwa ndefu kidogo tu, pistoni hairudi mpaka mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa. Unakanyaga mara mbili tatu barabarani, oili inapata moto, inatanuka, haina pa kwenda, inasukuma pedi, pedi zinaleta moto zaidi, moto unatanua oili zaidi, hivyo hivyo mpaka inakufunga. Na ikiwa fupi pedeli inazama mbali ndo ishike. Busta ya 80 ilitengenezwa kwa masta ya 80, yetu ni ya 60, hakuna aliyepima.

Akapima. Hili ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alimtuma mjukuu wake alete udongo wa kichuguu, akaulowesha akaufinyanga mpaka ukawa laini, akatengeneza kidonge kama punje ya hindi, akakizungushia nailoni ile nyembamba ya kufungia karanga, akakiweka kwenye ncha ya fimbo. Akavuta masta mbele polepole bila kufungua bomba hata moja, akairudisha, akakaza nati, akafungua tena. Kidonge kilikuwa kimetobolewa, katikati hakuna udongo, nailoni tupu. "Unaona? hapa hakuna nafasi, fimbo inasukuma wakati imelala." Akashika fimbo kwa koleo, akazungusha kichwa chake kwa spana ndogo, kidogo mno, nusu mzunguko. Kidonge kipya, kukaza, kufungua. Bado. Tena. Mara ya nne udongo ukabaki katikati mwembamba kama ukucha, akaugusa kwa kidole akasema basi, hapo hapo, usimruhusu mtu aguse tena. Nilimpa elfu kumi akachukua elfu tano.

Yule fundi wa Mabatini sikumgombeza. Nilimpelekea kile kidonge cha nne kikiwa kimekauka nikamwelezea, akakitazama sana, akaniomba abaki nacho.

Siku tatu nilizunguka mjini bila mzigo, kila nikisimama nashuka nagusa rimu kwa kiganja. Uvuguvugu tu. Jumamosi tukapakia saruji ile ile tukaenda Kigongo. Mjomba akakataa kukaa ndani, akashuka juu kabisa ya mteremko akatembea ubavuni mwa tairi ya mbele na lile jiwe mkononi, na suruali yake nzuri. Nikasimama katikati ya mteremko. Nikaachia, gari ikatiririka yenyewe bila kushikwa na kitu. Nikasimama tena. Nikaachia. Mara ya tatu jamaa wa pantoni akanifokea niingie. Nikaingia, nikazima, nikashuka kugusa rimu, na mjomba naye upande wa pili kainama anagusa. Tukatazamana juu ya boneti. Akafungua mlango akaliweka jiwe chini ya siti, na mpaka anaiuza ile gari lilikuwa humo.