Tulivyomuuguza mama mkubwa nyumbani Kadutu

Madaktari walipotueleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi ya mama mkubwa ilikuwa imeenea na haitatibika tena, tulibaki na njia mbili: kumwacha wodini, ambako kila siku ilikuwa na gharama yake, au kumrudisha nyumbani Kadutu, sehemu ya jiji la Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), apate tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kutuliza maumivu na taabu za mgonjwa asiyeweza kupona. Nyumba maalumu ya wagonjwa wa aina hiyo, kama ile ambayo daktari Mwingereza Cicely Saunders aliifungua London mwaka 1967, hatukuwa nayo karibu. Kwa hiyo chumba cha mama mkubwa kikachukua nafasi yake, na muuguzi mmoja akawa anapanda mlima kuja kumwona.

Faida kubwa kuliko zote ilikuwa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Hupimwa kwa bomba lililotolewa sindano, hunywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya wakati wa kulala huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Mjomba aliipinga vikali, akidai kwamba tunamuua dada yake polepole. Muuguzi alimjibu kwa subira kwamba dozi huanza ndogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, na kwamba kwa jirani zetu, shirika la Hospice Africa Uganda limekuwa likiwahudumia wagonjwa wa saratani kwa dawa hiyo tangu 1993. Nadhani kilichomlainisha Mjomba ni kumkuta mama mkubwa ameketi, anauliza bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mofini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ilienda nayo sambamba. Harufu ya kidonda cha saratani, ambayo watu huona aibu kuitaja, ilipungua kwa unga wa vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, hata akina mama wa kanisa wakaweza tena kukaa chumbani na kuimba naye.

Hasara zipo, wala sitazipamba. Wodini nako ni jamaa wanaopika na kufua, lakini huko walau kuna mtu wa kuitwa usiku wa manane. Nyumbani, muuguzi akishateremka, mnabaki ninyi na chupa ya dawa. Tulimwomba aandike kiasi cha dozi ya nyongeza kwa maumivu ya ghafla, tukaibandika karatasi hiyo ukutani, na hofu ya kubahatisha ikapungua. Siku za mwisho alipokataa uji, jamaa walidai atundikiwe serumu, yaani maji ya mshipani. Muuguzi akaeleza kwamba mwili unaozimika hauhitaji chakula kama zamani, na kwamba maji mengi huweza kuongeza uvimbe na mkoromo, basi tukawa tunamlowesha midomo.

Lakini mzigo mzito zaidi ulikuwa wa mdogo wangu wa kike. Yeye ndiye aliyemgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, akapandisha maji ya kufulia mashuka, na kwa ajili hiyo akafunga meza yake katika soko la Kadutu. Husemwa kwamba kuuguza nyumbani ni nafuu. Ni nafuu kwa sababu kazi ya mwanamke kama huyo haiandikwi kwenye faktire, yaani ankara, yoyote. Baada ya matanga niliomba kikao cha familia kimchangie mtaji. Walichanga, akanunua bidhaa chache, ila wateja wake wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwa wengine.